Kanuni za Chuo Kikuu: Tuzisome Kabla Hazijatuhukumu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mashairi, maulidi na mila zetu. Leo naomba niweke vina na mizani kando, nizungumze juu ya kitabu ambacho naamini si wengi kati yetu waliowahi kukifungua, ingawa watoto wetu wamekitilia saini. Ni kitabu cha kanuni za chuo kikuu. Ndani yake mna alama za kufaulu na za kuanguka, mna yanayompandisha mwanafunzi mwaka na yanayomtoa chuoni, mna adabu anazotakiwa kuzishika na adhabu zinazomngoja akizivunja. Ni kitabu kikavu, hakina ladha. Lakini kimeingia nyumbani kwetu, na kilipotoka kimetoka na masomo ya kijana wetu.

Mwana wa dada yangu alipata nafasi katika chuo kimoja cha bara. Siku habari zilipofika dada alipika pilau, majirani wakaja, tukasoma Fatiha. Jioni ile kijana akaniletea fomu. "Mjomba, hapa wataka saini ya mlezi, na baba Kiingereza chake ni cha bandarini tu." Nikachukua kalamu nikatia saini. Juu ya saini yangu paliandikwa kwamba sisi wawili tumezisoma kanuni za chuo na tumezikubali. Wallahi sikuwa nimezisoma, na yeye hakuwa amezisoma. Mimi ambaye riziki yangu ni kusoma na kuandika, nilishuhudia jambo nisilolijua, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza alifaulu. Mwaka wa pili baba yake akapatwa na maradhi ya figo, ikawa lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa juma. Kijana ndiye mkubwa. Akawa apanda basi la usiku kuja Mombasa, akae siku nne tano, kisha arejee chuoni. Mihadhara ikampita, majaribio yakampita. Mtihani ulipofika, masomo mengine alizuiwa kuyafanya kwa sababu hakuhudhuria vya kutosha, na mengine aliyafanya akaanguka. Likizo ilipoingia akapata barua: seneti ya chuo imeamua aondolewe masomoni, na ikiwa ana la kusema, ana siku 14 za kukata rufaa.

Barua ile aliitia chini ya godoro. Dada aliipata miezi miwili baadaye, siku alipotoa magodoro kuyaanika juani.

Niliitwa. Nikamwuliza kijana, kwa nini hukusema? Akainamisha kichwa. "Mjomba, niliona haya. Baba mgonjwa, mama ameuza bangili zake nipate nauli. Ningeanza vipi kusema nimeanguka?"

Usiku ule baada ya sala ya Isha nilikaa na kile kitabu mpaka saa sita. Na humo nikaona lililoniuma zaidi kuliko barua yenyewe. Palikuwa na kanuni isemayo kwamba mwanafunzi aliyefikwa na maradhi, yake au ya jamaa yake wa karibu, anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa muda, ilimradi aandike kabla ya mtihani na aambatishe ushahidi wa daktari. Palikuwa na nyingine juu ya mtihani wa pekee kwa aliyeukosa ule wa kawaida kwa sababu ya kweli. Karatasi za hospitali tulikuwa nazo, zimejaa mfuko mzima. Ilikosekana barua moja tu ya ukurasa mmoja, na hapana aliyejua kuwa yatakiwa.

Basi niwaeleze kwa ufupi namna mambo haya yanavyokwenda, maana huenda mwenzangu naye ana fomu mezani. Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama ya kufaulu ni 40 kwa mia, na baadhi ya masomo kama udaktari hudai zaidi. Apataye 70 na kuendelea yumo daraja la kwanza. 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. 50 hadi 59 daraja la pili la chini. Na 40 hadi 49 amefaulu tu. Aangukaye masomo machache hupewa mtihani wa marudio, na aghalabu hata akipata alama kubwa huandikiwa ile ile 40. Aangukaye mengi huambiwa arudie mwaka, au huondolewa kabisa. Kila hatua ina siku zake za kulalamika, na siku hizo zikipita mlango umefungwa. Na mkopo aliopewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haufutiki kwa sababu ameondolewa. Deni humfuata mpaka nyumbani.

Najua atatokea wa kuniambia: "Bwana, wewe wataka watoto wenu wapewe shahada kwa kuonewa huruma." Hasha. Mimi sitaki kupasuliwa na daktari aliyefaulu kwa huruma, wala kuishi katika ghorofa iliyochorwa na aliyenunua alama. Kijana anayeingia chumba cha mtihani na mwakenya, kikaratasi ambacho wanafunzi wamekipa jina la zile karatasi za siri za miaka ya 80, akishikwa na aadhibiwe. Anayempiga mwenzake, anayeiba, anayewasumbua wasichana mabwenini, na aadhibiwe. Na aliyepewa nafasi tatu akazichezea zote, na awapishe wengine. Kanuni hapana budi ziwepo, na ziwe na meno.

Ninalolalamikia ni kwamba mambo mawili tofauti yamevishwa kanzu moja. Kuanguka mtihani si utovu wa adabu. Mwizi wa mtihani amefanya kosa. Aliyeanguka kwa kuuguza hana kosa, ana shida. Lakini soma barua wanazopelekewa hawa wawili, uone kama utaweza kuzipambanua: sauti ni moja, ukali ni mmoja, na wote wawili huambiwa waondoke. Pengine twaweza kuelewa ukali huu ulikotoka. Vyuo vyetu vimepita nyakati za ghasia na za kufungwa milango. Baada ya lile jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Kanuni zilizoandikwa kwa hofu ya namna hiyo humtazama mwanafunzi kwa jicho la askari. Lakini jicho hilo halifai kumtazama kijana aliyeanguka masomo manne.

Sisi watu wa mwambao neno "chuo" tulilijua zamani kabla ya vyuo vikuu. Chuo chetu kilikuwa mkeka, mbao na mwalimu. Mtoto akikosekana siku mbili, mwalimu alituma wanafunzi wawili watatu waende kwao wakamwulize: yu mgonjwa, ama amekwenda kuogelea? Sitaki kukisifu chuo kile kupita kiasi. Bakora ilikuwapo, mgongo wangu waikumbuka, wala hapakuwa na pa kukata rufaa. Lakini hakuna mwanafunzi aliyepotea miezi mitatu pasi na mtu kuuliza yuko wapi. Chuo kikuu kina daftari za mahudhurio, kina kompyuta, kina afisi ya kuangalia hali za wanafunzi. Kilijua kwamba kijana wetu hayupo darasani, maana ndiyo sababu kilimzuia kufanya mtihani. Kilijua, kikahesabu, kisiulize.

Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, katika kitabu chake cha Ihyau Ulumiddin alimhesabia mwanafunzi mambo kumi yanayomlazimu. Hakuishia hapo, akamhesabia na mwalimu mambo manane. Na katika hayo manane limo hili: mwalimu amrudi mwanafunzi wake kwa ishara na huruma kadiri iwezekanavyo, asimkemee hadharani na kumfedhehesha. Nimevipekua vitabu vya kanuni vya vyuo viwili vitatu nikitafuta hayo manane. Yale kumi ya mwanafunzi nimeyaona, tena yamezaa yakawa hamsini. Ya mwalimu na ya chuo ni haba.

Na sheria ya nchi nayo haikulala. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na wenye mamlaka, na kupewa sababu kwa maandishi ikiwa haki yake yaelekea kuguswa. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya kulifafanua jambo hilo: mtu apewe taarifa mapema, asikilizwe, aelezwe sababu, na aonyeshwe pa kukata rufaa. Majaji wetu kwa kawaida hawapendi kukaa mahali pa walimu wakasahihisha mitihani, na ni sawa. Lakini huuliza: je, mwanafunzi alisikilizwa? Basi lile ninalolitaka si hisani. Ni haki iliyokwisha kuandikwa.

Sasa nigeuke upande wetu, maana mkono umwoshao mwenzio nao wataka kuoshwa. Zamani tulikuwa tukisema mambo ya chuo kikuu ni ya watu wa bara. Udhuru huo umekwisha. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa mjini. Vyote viwili vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Hicho cha Mombasa chimbuko lake ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyojengwa wakati wa ukoloni, ambayo Sultani wa Unguja na Aga Khan walichangia fedha zake. Wazee wetu walijua thamani ya jambo hili. Sisi twawapeleka watoto, twapika pilau, kisha twawaachia Mungu na kompyuta.

Na tuna ugonjwa wa haya. Haya ni katika imani, sote twalijua hilo. Lakini Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Haya ya kuacha maovu ni pambo. Haya ya kuficha barua chini ya godoro mpaka siku 14 zipite ni hasara tupu. Na watoto hawakujifundisha wenyewe; wametuona sisi tukificha madeni, tukificha maradhi, tukisema "alhamdulillahi" huku nyumba yaungua. Kijana alinificha mimi mjomba wake kwa kuwa alidhani nitamwonea aibu. Nimejiuliza mara nyingi ni lini nilimfanya adhani hivyo.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, vyuo vizipige chapa kanuni hizi kwa Kiswahili pia, lugha ambayo Katiba imeitaja kuwa ya taifa na ya rasmi, ili mzazi wa Vanga au wa Faza ajue amekubali nini. Pili, mwanafunzi anapoanza kukosekana au kuanguka, aitwe aulizwe kabla seneti haijakaa. Na barua ya kumwondoa imwelekeze waziwazi mlango wa rufaa ulipo. Tatu, misikiti na vyama vyetu, kabla ya vijana kusafiri, viwakusanye jioni moja pamoja na wazazi wao, awepo aliyekwisha kupita huko, wazisome kanuni ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya baina ya Magharibi na Isha mara mbili tatu.

Wataka kujua kijana aliishia wapi. Tuliandika rufaa, tukaambatisha karatasi zote za hospitali. Jibu lilikuja kwa adabu: siku zilikwisha kupita. Baba yake alifariki mwezi uliofuata, Mungu amrehemu. Mwaka huu kijana ameanza upya katika chuo kingine, mwaka wa kwanza, miongoni mwa watoto aliowazidi umri, na deni la kule alikotoka li juu yake. Aliponiletea fomu mpya nilimwambia aiweke mezani, avute kiti. Tulizisoma kanuni zote sisi wawili, na mama yake ameketi pembeni akiuliza hili lina maana gani na lile lina maana gani. Ndipo nikatia saini.

Naagana nanyi kwa ubeti mmoja, maana mazoea yana taabu:

Mwana akenda chuoni, mpe kanuni asome,
Asiyatie kapuni, makaratasi akwame,
Akifikwa na tufani, asifiche, na aseme,
Na chuo nacho kipime, kisihukumu gizani.

Wabillahi taufiki.