Kalamu Iliyolinda Majengo

Gavin Stamp, Mwingereza aliyefariki dunia Desemba 2017, alikuwa mwanahistoria wa majengo na mwandishi wa magazeti. Tangu mwaka 1978 aliandika katika jarida la Private Eye kwa jina la Piloti, akiwasema bila ya kuchelea wakuu wa miji na matajiri walioyabomoa majengo ya thamani au kuyaacha yaoze. Hakutetea majumba ya fahari peke yake. Vibanda vyekundu vya simu vilipokuwa vikiondolewa barabarani katika miaka ya 1980, alivipigania, na vingi vikapata hifadhi ya sheria.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kumkumbuka. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka lilipokuwa katika matengenezo. Watu wawili walipoteza maisha.

Kwa hiyo tunatoa rai. Wahusika serikalini waitangaze hadharani hali ya kila nyumba yenye hatari, pamoja na tarehe ya kutengenezwa kwake. Wakaazi nao watoe taarifa mapema waonapo dalili mbaya. Na sisi waandishi hatuna budi kuuliza na kuandika wakati kuta zingali zimesimama, tusingojee kifusi. Wahenga walikwishatuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.