Bundi Ahesabiwe, Asifukuzwe

Katika majimbo ya Manitoba na Ontario, nchini Kanada, majira ya kuchipua huanza theluji ikiwa bado imelala porini. Usiku wa majira hayo, wakati wengi wamejifungia ndani kuota moto, wapo wananchi watokao na tochi, saa, karatasi na kalamu kwenda kumsikiliza bundi. Hawalipwi mshahara. Wamejitolea.

Kazi hiyo ilianza Manitoba mwaka 1991, na Ontario mwaka 1995. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Hesabu kubwa ya ndege wa Amerika ya Kaskazini, iliyoanzishwa mwaka 1966, hufanywa asubuhi, wakati bundi wengi wamekwisha kunyamaza. Bundi huita zaidi mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa kuchipua, anapotafuta mwenzi na kulinda eneo lake. Basi aliyetaka habari zake hakuwa na budi kumfuata saa zake.

Kila kikundi kina njia yake. Husimama katika vituo vilivyopangwa, huzima gari, hutega sikio kwa dakika zilizowekwa, huandika, kisha huendelea mbele. Upepo ukivuma sana kazi huahirishwa. Mwaka unaofuata hurudiwa njia ile ile na vituo vile vile. Yupo bundi mdogo ambaye sauti yake hufananishwa na msumeno unaonolewa. Yupo na bundi mkubwa wa kijivu, nembo ya Manitoba tangu mwaka 1987, awezaye kumsikia panya chini ya theluji.

Lakini kipimo cha kazi hii ni usiku ule asiposikika bundi hata mmoja. Mtu amesimama katika baridi vituo vyote, na sasa anatakiwa kuandika sifuri. Sifuri hiyo si aibu. Kituo kilichokuwa na bundi kwa miaka mitano, kisha kikaandikwa sifuri kwa miaka mitano, huuliza swali zito: je, miti mikubwa imekatwa? Chakula kimepungua? Anayeandika ndege asiyemsikia, kwa kuona haya kurudi mikono mitupu, amelifumba jicho la taifa lake.

Wapo wasomi wanaodharau hesabu za namna hii, wakidai kuwa mtu wa kawaida atakosea. Ni kweli, atakosea. Lakini mtaalamu naye hukosea, na wataalamu ni wachache mno kuweza kusimama katika njia zote hizo kwa majira mamoja. Dawa ya makosa si kumweka mwananchi kando; ni kumfundisha sauti, kumpa utaratibu mmoja, na kurudia kazi kila mwaka.

Funzo hilo linafaa pia Afrika ya Mashariki, ambako kwa wengi bundi ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa husemwa kuwa msiba umebisha hodi, naye hufukuzwa kwa mawe, au huuawa. Hali panya, ambao ni chakula cha baadhi ya bundi, wanakula mahindi ghalani bila kupigiwa kelele. Na kisiwani Pemba yupo bundi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Akitoweka Pemba, ametoweka ulimwenguni.

Hofu ya miaka mingi haiondolewi kwa hotuba. Huondoka pale mtu anapotoka nje usiku, akasikiliza, akaandika alichosikia na asichosikia, na kesho akaamka salama. Siku mzee wa kijiji atakapouliza bundi amelia juu ya nyumba ya nani, na kijana akamjibu kwa mahali, saa na tarehe, uchuro utakuwa umegeuka elimu.