Daftari Lifungwe

Mitihani ya vyuo inapokaribia, taa za mabweni huwaka hadi alfajiri. Wanafunzi wa sayansi huinamia madaftari, wakisoma kwa mara ya nne au ya tano maelezo yale yale, pamoja na majibu ya maswali yaliyokwisha kukokotolewa ubaoni. Hakuna awezaye kuibeza bidii hiyo. Hata hivyo, hapana budi kusema wazi kwamba sehemu kubwa yake hupotea bure, na kwamba sisi tunaofundisha tunao wajibu wa kuizuia hasara hiyo.

Kurudia kusoma hudanganya. Jambo lililosomwa mara nyingi huzoeleka machoni, na mazoea hayo hudhaniwa kuwa ni ujuzi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Makala moja ilisomwa mara mbili. Nyingine ilisomwa mara moja, kisha wanafunzi wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulionekana kufaa zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: makala iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa kwa asilimia 42, na ile ya kujipima kwa asilimia 56.

Katika hisabati tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi ya umbo moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganya maumbo yote wakapata 60. Wiki moja baadaye, katika mtihani, wale wa kwanza walipata asilimia 20, na waliochanganya wakapata 63.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtihani haumwambii mtu ni kanuni ipi aitumie. Kuichagua ndiyo kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa jiwe linaloangushwa kutoka kimo cha meta 20, ambalo hufika chini baada ya sekunde 2 hivi. Je, likiangushwa kutoka meta 80? Aliyekariri jibu huharakisha kusema sekunde 8, kwa kuwa kimo kimeongezeka mara nne. Aliyeielewa kanuni hujua kwamba kimo huwiana na mraba wa muda. Kwa hiyo jibu ni sekunde 4.

Mwanafunzi na alifunge daftari, achukue karatasi tupu, alijaribu swali kwa mkono wake kabla ya kutazama jibu. Achanganye maswali ya mada mbalimbali. Agawanye kazi hiyo katika wiki zote za muhula badala ya kuirundika katika usiku mmoja, maana haba na haba hujaza kibaba. Hayo hayahitaji vitabu vya bei kubwa wala mitambo.

Wapo watakaosema kwamba mihtasari ni mirefu na muda ni mfupi, na kwamba kujipima huchosha na kuvunja moyo. Ni kweli kwamba huchosha. Lakini kosa lililofanyika bwenini, likasahihishwa siku ile ile, halimgharimu mtu alama hata moja.

Wahadhiri nao hawana budi kubadilika. Jaribio fupi lisilo na alama kila wiki, lenye maswali yaliyochanganywa, lafaa kuliko mhadhara mwingine wa marudio. Na maswali ya mwaka jana yasirudishwe kama yalivyo, kwani kufanya hivyo ni kumtuza aliyekariri na kumpunja aliyeelewa.

Twasomesha watu watakaopima damu hospitalini, watakaokadiria uzito ambao daraja laweza kubeba, na watakaokokotoa kipimo cha dawa ya mtoto. Mgonjwa haji na swali lililokwisha kuulizwa mwaka jana, wala mto haungoji mhandisi afungue daftari lake.