Haibridi inabana mafuta kwenye foleni, je, vumbi la Magindu italiweza?

Mei 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Tangu hapo, swali la "linakula mafuta kiasi gani?" limekuwa zito kwa kila anayetafuta gari. Ndiyo maana Toyota Aqua, Prius, Honda Fit Hybrid na Nissan Note e-Power zinazungumzwa sana.

Lakini kwa mtu wa Magindu, wilayani Kibaha, hesabu si nyepesi hivyo.

Siri iko wapi?

Haibridi ina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa. Haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Dereva akikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Gari likisimama, injini inazima. Likiondoka taratibu, mota ndiyo inasukuma. Kwenye Note e-Power, injini kazi yake ni kufua umeme tu; matairi yanazungushwa na mota.

Kwa hiyo faida kubwa iko kwenye foleni: Kimara, Mbezi, Kibaha. Ukitembea mwendo mmoja barabara kuu kuelekea Chalinze, breki hazitumiki sana, na faida inapungua.

Pesa inayobaki

Aqua ilipotoka Desemba 2011, kipimo cha Japani kilisema kilomita 35.4 kwa lita. Barabarani usitegemee hivyo. Chukulia kilomita 20, dhidi ya 12 za gari la kawaida. Kwa kilomita 100, la kawaida linataka lita 8.3, haibridi lita 5. Petroli ikiwa shilingi 3,000, unaokoa kama shilingi 10,000. Anayekwenda Dar kila siku ataiona pesa hiyo. Anayetoka mara moja kwa wiki atasubiri sana.

Vumbi na umri

Betri ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Njia hiyo ikiziba vumbi, betri inachemka na kuchoka mapema. Gari lenyewe liko chini, na barabara za vijijini zina mashimo na matope ya masika.

Kuna na kodi. Gari lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa hiyo Aqua ya bei rahisi Japani inaweza kufika bandarini ikiwa na kodi kubwa na betri iliyochoka.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi apime betri kwa mashine ya fundi anayezijua haibridi, asitegemee maneno ya dalali. Asafishe chujio la betri mara kwa mara. Na aweke akiba ya betri, maana ikifa, mafuta yaliyookolewa miaka miwili yanaweza kuondoka siku moja.

Kwa mwenye safari za foleni kila siku, haibridi inalipa. Kwa anayezunguka Magindu na Mlandizi tu, gari la kawaida la juu kidogo bado lina nafasi yake.