TAHARIRI: Kodi nafuu ya Thailand isikufumbe macho, piga hesabu yote

VIJANA wengi wa mijini wanaijua presha ya tarehe tano. Landilodi anapiga simu, na mshahara ulishagawanywa kabla haujaingia. Basi unafungua simu kutuliza akili, na hapo unaletewa video ya mgeni fulani nchini Thailand, anakunywa kahawa kando ya mto na kusema kodi yake ni ndogo kuliko ya bedsita ya Roysambu.

Hadanganyi. Shida ni kwamba anakupa nusu ya hesabu.

Chukua mji wa Lampang. Uko kaskazini mwa Thailand, takriban kilomita 600 kutoka Bangkok na karibu kilomita 100 kutoka Chiang Mai, ambako watalii hujazana. Wengi hupita Lampang kwa treni bila kushuka. Ni mji unaojulikana kwa magari ya kukokotwa na farasi na mabakuli yenye picha ya jogoo. Wikendi jioni, watu hutembea katika soko la Kad Kong Ta, karibu na Mto Wang, katikati ya majumba ya zamani ya mbao. Baada ya hapo mji hulala mapema.

Sasa bei. Baht moja ni karibu shilingi 4 za Kenya. Chumba safi chenye kitanda na bafu hupatikana kwa baht 3,000 hadi 5,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,000 hadi 20,000. Bakuli la khao soi, tambi zenye mchuzi wa nazi na viungo, ni kama baht 50. Hiyo ni shilingi 200, na unashiba. Nani hatatamani?

Lakini tuulize: nafuu kwa nani? Mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara Thailand kilianzia baht 337 na kufika 400 kwa siku, kulingana na mkoa. Mama anayekupikia khao soi haoni Lampang kuwa rahisi hata kidogo. Mji ni rahisi kwa mgeni kwa sababu pesa zake zinatoka kwingine: pensheni ya Ulaya, au kazi ya mtandaoni inayolipwa kwa dola. Ukienda huko mfuko ukiwa mtupu, utakuwa tu maskini mahali ambapo hujui hata kuomba maji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Thailand ni tofauti: mgeni hapewi jembe mpaka aonyeshe kibali. Kufanya kazi bila kibali ni kosa. Kazi kadhaa, kama vile kuongoza watalii na kunyoa nywele, zimetengewa raia pekee. Kufundisha Kiingereza, mlango ambao Wakenya wengi huulizia, kunahitaji viza inayofaa, kibali cha kazi, na kwa kawaida shahada ya chuo kikuu.

Je, wanaofanyia kazi kampuni za nje kwa intaneti? Tangu Julai 2024 kuna viza yao ya miaka mitano, ambayo inakuruhusu kukaa hadi siku 180 kila unapoingia. Lakini ni lazima uonyeshe akiba ya baht 500,000. Hizo ni karibu shilingi milioni mbili. Ile video ya kodi ya shilingi 16,000 haikutaja hilo, sivyo?

Hata ukiingia kihalali, mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 mfululizo huripoti anakoishi kwa idara ya uhamiaji kila baada ya siku 90. Ukipitisha muda wa viza, faini ni baht 500 kwa siku, hadi baht 20,000, na unaweza kupigwa marufuku kurudi.

Halafu kuna huo utulivu wenyewe. Wiki ya kwanza ni raha tupu. Mwezi wa tatu, ukiwa hujui Kithai, unageuka upweke. Fomu ya hospitali imeandikwa kwa herufi usizoweza kusoma. Kati ya Februari na Aprili, moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hufunika kaskazini yote, na kifua kinakumbuka. Wageni wanaodumu katika miji kama hii ni wale waliojifunza lugha na kuheshimu mila za wenyeji, hata wakajulikana kwa jina pale sokoni.

Kuna hatari kubwa kuliko hizi zote. Mkoa wa Tak unapakana na Lampang, na huko ndiko uliko mji wa Mae Sot, mpakani na Myanmar. Vijana wa Kenya wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokelewa Bangkok, kisha wakavushwa mpaka hadi kambi za utapeli wa mtandaoni. Huko hulazimishwa kuibia watu na hupigwa wakikataa. Mapema 2025, maelfu ya raia wa kigeni, Wakenya wakiwemo, waliondolewa katika kambi hizo. Wengi wao waliamini ahadi ya mshahara mnono na maisha ya bei ya chini.

Hatusemi usiende. Kijana kutaka kuona dunia si dhambi, na Lampang ni mji mzuri. Tunasema panga safari kwa kuanza na kipato, kisha karatasi, kodi ije mwisho. Kama ni kazi, hakikisha wakala amesajiliwa na NEA, na uliza ubalozi wa Thailand jijini Nairobi kuhusu viza kabla ya kulipa chochote. Ukiambiwa uingie kama mtalii, "mambo ya kibali tutapanga huko", kata simu. Familia nayo iwe na anwani yako kamili na nakala ya pasipoti.

Serikali nayo isisubiri vijana wakwame ndipo itoe onyo. Onyo hilo lifike TikTok, kule kule wanakotafutiwa.

Kodi ya chini ni kitu kizuri. Lakini kabla hujaipenda, jua utailipa na nini.