LIPA NAMBA NI NZURI, LAKINI TUSIMSAHAU WAKALA



Katika kikao chetu kilichopita, tulipofika kwenye mengineyo, mwanachama mwenzetu ambaye ni wakala wa fedha alisimama akasema: "Ndugu Mwenyekiti, mimi nafunga kibanda." Hakulaumu mtu. Alieleza tu kwamba zamani kamisheni ilimtosha kulipa kodi ya kibanda, kula na kusomesha. Sasa inatosha kodi peke yake, na mwezi mwingine haifiki. Tulimpa pole, tukafunga kikao. Tumeona hiyo pole haikutosha, ndiyo maana tunawaandikia.

Tuanze na ukweli. Kulipa kwa simu kumeturahisishia maisha. Aliyeuza parachichi au ndizi harudi nyumbani giza limeingia huku amebeba fedha mfukoni. Ugomvi wa chenji umepungua. Uniti zikiisha saa nne usiku unanunua LUKU ukiwa kitandani, tarakimu 20 zinaingia, taa inawaka. Zamani ungelala gizani, asubuhi ukapange foleni. Hakuna mwanachama anayetaka kurudi huko, na sisi hatutaki.

Lakini tuelewe wakala anavyopata riziki yake. Halipwi mshahara. Anaweka mtaji wake mwenyewe, sehemu taslimu na sehemu floti, na anapata kamisheni mtu anapoweka au kutoa fedha. Ukilipa dukani kwa Lipa Namba, fedha imetoka kwenye simu yako ikaingia kwa mwenye duka. Mwenye duka naye anamlipa muuzaji wa jumla kwa simu hiyohiyo. Hakuna aliyeweka, hakuna aliyetoa, na wakala hajapata kitu.

Baadhi ya vijana wetu wanasema maendeleo hayazuiliki, na hata kazi ya wakala ililetwa na simu. Ni kweli. Kabla ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008, vibanda hivi havikuwepo mitaani kwetu. Ila tujiulize: faida ya urahisi huu inakwenda kwa nani, na hasara inabaki kwa nani? Ile kazi ya wakala haijafutika. Sehemu yake unaifanya wewe mteja, bila malipo, kwa simu yako na bando lako. Ukikosea namba, ni wewe unayehangaika kupiga simu huduma kwa wateja.

Na wapo wasioiweza kabisa. Mzee anayetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dar es Salaam anahitaji mtu wa kumsomea ujumbe. Anahitaji mtu wa kumwambia, "Baba, huyu ni tapeli, usimtumie." Kazi hiyo wakala wa mtaani anaifanya kila siku na hailipwi popote. Kibanda kikifungwa, mzee atapanda bodaboda kumtafuta wakala mwingine, na huko hafahamiki.

Jambo hili haliko Bulyaga peke yake. Uingereza kuna kampuni ya maduka makubwa inaitwa Booths, ilikuwa na maduka 28. Novemba 2023 ilitangaza kuondoa mashine za mteja kujihudumia na kujilipia mwenyewe, ikabakiza katika maduka mawili tu, kwa sababu wateja walitaka kuhudumiwa na mtu. Jirani zetu wa Kericho, Kenya, wao walifika pabaya: Mei 2023 wananchi walichoma moto mashine za kuchumia chai zilizochukua nafasi ya wachumaji. Sisi wa Rungwe tunaijua chai, na uchungu wao tunauelewa. Lakini kuchoma mali si njia yetu. Na kukaa kimya mpaka watu wafike huko, hiyo pia si njia.

Njia yetu ni kusema mapema, na inawezekana kusikilizwa. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi walilalamika nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Haikushuka yenyewe. Watu walisema.

Kwa hiyo, Tawi linapendekeza yafuatayo, na tutayajadili kikao kijacho:

1. Tumwombe Mbunge wetu aulize Bungeni kuhusu kamisheni za mawakala. Malipo ya Lipa Namba yanavyoongezeka, kampuni za simu na benki zimpe wakala fungu katika kazi anazofanya bure: kuwafundisha wateja na kuwakinga na matapeli.

2. Mawakala wa kata yetu waunde vikundi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wakala mwenye kikundi anaweza kuongeza biashara nyingine kibandani kabla hajafunga. Tutamwomba Diwani atusaidie kufuatilia.

3. Wanachama wenye maduka wasikatae taslimu. Noti na sarafu ni fedha halali, na si kila mteja ana salio kwenye simu.

4. Kila mmoja wetu akihitaji kuweka au kutoa fedha, amwendee wakala wa mtaa wake kwanza.

Mwisho, tujisahihishe na sisi wenyewe. Tangu tuanze kukusanya ada kwa simu, hesabu zimenyooka na mtunza hazina anapumua. Lakini mjumbe hapiti tena nyumba kwa nyumba. Mwezi uliopita mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliugua wiki tatu bila sisi kujua, kwa sababu ada yake ilikuwa ikiingia kama kawaida. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiituma. Ada tulipata, mwenzetu hatukumwona. Kuanzia mwezi huu ada itaendelea kulipwa kwa simu, na wajumbe watarudi kupita kwenye nyumba. Wasipite kudai. Wapite kujuliana hali.

Na yule mwenzetu wa kibanda tumemwomba asifunge hadi tukutane. Tusije mikono mitupu. Kizuri kula na nduguyo.

Imetolewa na Kamati ya Tawi, Bulyaga, Tukuyu.
Tafadhali msomee na jirani asiye na simu janja.