STAA UNAMLISHA KASUKU CHIPSI NA SODA HALAFU UNAMWITA MWANAO? ACHA UTANI

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, hiyo mtaipata baadaye. Leo nina hasira na mfuga ndege.

Kuna dada mmoja wa Bongo muvi, jina kapuni, wiki hii katupia klipu Insta. Kakaa mezani, begani kuna kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Mezani kuna chipsi, kuku, soda ya kopo na parachichi lililokatwa nusu. Dada anachovya chipsi kwenye tomato, kasuku anaipokea kwa mguu kama binadamu, anakula. Anamiminiwa soda kwenye kifuniko, anakunywa. Halafu dada anachota parachichi kwa kijiko, anampelekea mdomoni, klipu inaishia hapo. Chini kaandika "mwanangu anakula anachokula mama". Laiki kama mvua. Komenti zote ni "jamani katoto kazuri". Hakuna hata mmoja aliyemwambia dada, toa hilo parachichi!

Parachichi kwa kasuku ni sumu. Siyo "halimfai", siyo "linamnenepesha", ni sumu. Lina kemikali inaitwa pasini, kwako wewe haina shida, kwa ndege inashambulia moyo, anapumua kwa shida, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Chokoleti hivyo hivyo. Kahawa, pombe, vitunguu, vyote weka mbali. Chipsi zile zina chumvi na mafuta, na ndege huyu ana uzito wa kama nusu kilo tu, wengi hata hawafiki. Sasa piga hesabu mwenyewe, chumvi ya sahani yako kwenye figo za kiumbe chenye uzito wa pakiti ya sukari ya nusu kilo.

Najua timu yake mtakuja na povu: "mbona anakula kwa furaha?" Na mtoto wa miaka miwili ukimpa pipi asubuhi mchana jioni atakula kwa furaha, kwa hiyo tumpe?

Halafu yupo kaka mmoja wa Bongo Fleva, naye kapuni, anajiona mjanja kuliko dada. Yeye aliposti gunia la alizeti, akasema kasuku wake hali uchafu, anakula alizeti tupu mwaka mzima. Kaka, pole. Umeua kwa njia ndefu zaidi. Alizeti ni mafuta matupu, vitamini A karibu hakuna, kalsiamu ni kidogo mno. Kasuku anayeishi kwa alizeti ini linajaa mafuta, pua zinaziba, mdomoni anatoka vidonda, anashikwa na magonjwa ya kifua. Na hawa wa kijivu ndiyo wana shida hasa ya kalsiamu kushuka kwenye damu. Ikishuka sana anaanguka kutoka kwenye kijiti, anatetemeka, anapata degedege. Watu wakiona hivyo wanasema karogwa! Hajarogwa, kalishwa vibaya.

"Wangu yuko poa miaka mitano sasa." Hilo nalo nalijua. Ndege anaficha ugonjwa. Porini ukionekana mgonjwa unaliwa wewe kwanza, kwa hiyo kasuku atajikaza mpaka siku amechoka kabisa, na siku hiyo ukikimbilia kwa daktari wa mifugo mara nyingi umechelewa. Huyu ndege akitunzwa anaweza kufika miaka 40, wapo wanaofika hadi 60. Wewe wa kwako ana mitano unashangilia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chakula chake sahihi kipo sokoni hapo hapo, tena bei yake haifiki ya hiyo sahani ya kuku na chipsi. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu ana kasuku wa siku nyingi, bibi hana Insta wala bando, na ndege wake manyoya yanang'aa kuliko wigi la huyo dada. Anachompa ni hiki: karoti, boga, viazi vitamu vile vya njano ndani, matembele, majani ya maboga, sukuma wiki, pilipili hoho. Vyote anaosha, anakatakata vidogo vidogo, anachanganya pamoja ili ndege asichague anachopenda tu. Hiyo mboga ndiyo inakuwa nusu ya sahani au zaidi. Boga na viazi anachemsha kidogo. Mchicha upo ila siyo kila siku, kwa sababu una kitu kinachozuia kalsiamu isifanye kazi.

Halafu nafaka: mtama, uwele, ulezi, mahindi ya kuchemsha. Choroko analoweka usiku, anazimwaga maji, anasuuza asubuhi na jioni mpaka zichipue. Maharage lazima yaive kabisa, maana mabichi yana sumu. Matunda ni kidogo, papai au embe, siyo bakuli zima, sukari ile. Tufaha ondoa mbegu. Mara mojamoja kipande cha yai la kuchemsha. Kwa kalsiamu anamtundikia yale magamba meupe ya dome yanayookotwa ufukweni, kayachemsha kwanza kutoa chumvi.

Na mawese jamani! Huyu ndege asili yake ni misitu ya Kongo, Kameruni, Gaboni, mpaka Uganda na Kakamega kule Kenya. Huko porini matunda ya michikichi ndiyo chakula anachokipenda sana. Mawese mekundu yana ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Matone machache juu ya mboga, siyo kijiko, matone. Pilipili kali nayo usiogope, ndege hasikii muwasho kama sisi. Ukimwona anatafuna pilipili mbuzi bila kulia usipige kelele.

Chakula chochote kibichi au kilichopikwa kwa joto letu la Dar kitoe baada ya saa mbili hivi, kisichache. Maji badilisha kila siku. Mtoe kwenye jua la asubuhi, jua lenyewe siyo la kupitia kioo, bila hilo kalsiamu haimsaidii vizuri. Na kama unakaanga jikoni kwa kile kikaango kisichogandisha, ndege asikae karibu, kikiungua moshi wake unaua ndege kabla wewe hujasikia hata harufu.

Madaktari wengi wa ndege wanashauri pia zile punje maalumu za kiwandani ziwe sehemu kubwa ya chakula, kwa sababu zimepimwa. Wewe mwenye gari la mamilioni hilo halikushindi. Asiyeweza apange sahani na daktari wa mifugo anayejua ndege. Na ukitaka kumtoa kwenye alizeti usimkate ghafla, atagoma kula. Punguza taratibu huku unamweka kwenye mizani.

Tena kuna swali nimelikalia. Mwaka 2016 nchi zilikutana Johannesburg kwenye mkutano wa CITES zikampandisha kasuku wa kijivu kwenye orodha ya juu kabisa, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini marufuku, kwa sababu tumewamaliza. Sasa dada, wa kwako ulimtoa wapi? Kibali kipo? Hilo hujaliposti.

Na hizi klipu hazibaki kwako peke yako. Wanao kuiga ni wengi, wadogo zetu wanaona staa anamlisha kasuku soda, kesho na wao wanafanya. Futa hiyo video, au rudi uoneshe sahani ya mboga. Kiki utapata vile vile, tena ndege anayeng'ang'ania karoti kwa mguu anachekesha kuliko wa chipsi.

Timu zenu najua mko njiani, karibuni tutukanane hapo chini kwenye komenti. Ila kabla hujaandika neno, anza kwa kuniambia kasuku wako leo asubuhi kala nini.